Simu mkononi, mtoto kifuani: tatizo liko wapi hasa?

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24, na zamu moja inaweza kufika nusu saa au kuzidi. Mama hukaa kitako saa nyingi, mkono mmoja una kazi na mwingine hauna. Si ajabu simu ikaingia hapo.

Wanaoilaumu huanza na macho: mama anayetazama simu hamtazami mtoto. Mtoto mchanga huona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, karibu sawa na kutoka titi hadi uso wa mama. Jaribio la mwanasaikolojia Edward Tronick na wenzake, lililochapishwa 1978, lilionyesha jinsi watoto wanavyohangaika mama akiwatazama kwa uso usiobadilika. Hoja ina uzito, ila isivutwe kupita kiasi: jaribio hilo halikuhusu kunyonyesha, na wachanga wengi hunyonya wamefumba macho.

Hoja ya mkono ina nguvu zaidi, japo haisemwi sana. Mtoto ashike titi sawasawa, mdomo lazima uwe wazi kabisa, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iingie kinywani. Kazi hiyo inataka mikono yote miwili. Mama aliyeshika simu humwinamia mtoto badala ya kumsogeza kwake. Mwili wa mtoto unateleza chini, anabaki kuivuta chuchu peke yake. Chuchu zinapasuka, maziwa hayatoki vya kutosha, shingo ya mama inauma. Kwa hiyo dakika za mwanzo simu ikae mbali. Mtoto akishatulia na kusikika akimeza, kusoma ujumbe hakumdhuru, mradi mama asipitwe na dalili za kuachia titi au kutaka zaidi.

Usiku hesabu inabadilika. Prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku, hivyo zamu hizo si za kurukwa. Mama akisinzia kwenye kochi na mtoto kifuani, mtoto anaweza kuzibwa pumzi. Simu inayomweka macho hapo ina faida. Lakini mwanga wake huchelewesha usingizi baadaye, kwa hiyo kusikiliza ni bora kuliko kuperuzi.

Programu za kurekodi muda wa kunyonya zinasifiwa mno. Zinafaa kwa njiti au mtoto asiyeongezeka uzito, pale mhudumu wa afya anapotaka takwimu. Kwa wengine huzaa utumwa wa saa: mtoto anageuza kichwa, ananyonya vidole, na mama anasema muda bado. Kilio ni dalili ya mwisho ya njaa, na mtoto anayelia hushika titi kwa taabu. Nepi ni kipimo bora: kuanzia siku ya 5, zilizolowa zifike 6 au zaidi kwa siku.

Halafu kuna matangazo. Kanuni ya kimataifa ya kudhibiti uuzaji wa maziwa ya kopo ilipitishwa 1981, kabla ya simu hizi. Leo tangazo linamfikia mama saa tisa usiku, anapojiuliza kama maziwa yake yanatosha. Akianza kumpa chupa bila sababu ya kiafya, zamu za titi zinapungua, titi lisilotolewa maziwa linapunguza kuyatengeneza, na hofu yake inageuka kuwa kweli.