Avignon: Lugha Imealikwa, Lakini Je, Imepewa Nafasi ya Kusema?

Matamasha makubwa ya sanaa yamezoea kualika nchi. Nchi inakuja na bendera yake, balozi anakaa mstari wa mbele, wizara inalipia nauli. Tiago Rodrigues, Mreno aliyekabidhiwa mwaka 2022 Tamasha la Avignon, tamasha la tamthilia na dansi nchini Ufaransa, na kuwa mkurugenzi wake wa kwanza asiye Mfaransa, aliamua kuachana na desturi hiyo. Yeye anaalika lugha. Mwaka 2023 ilikuwa Kiingereza, mwaka uliofuata Kihispania, na 2025 ikawa zamu ya Kiarabu.

Wazo hili lina mashiko. Lugha haina wizara ya kuamua nani apande jukwaani na nani abaki nyumbani. Msanii aliyekorofishana na serikali yake, au aliyezaliwa ughaibuni na hana hakika ni wa taifa gani, anaingia kwa mlango uleule na wenzake. Tena linaoana na asili ya tamasha lenyewe. Jean Vilar alipolianzisha mwaka 1947 katika ua wa Kasri la Mapapa, alikuwa akipigania tamthilia iwe huduma ya umma, kama maji, gesi na umeme. Kupanua huduma hiyo hadi kwa lugha ambazo wakazi wa Ufaransa huzizungumza majumbani mwao ni hatua inayofuata kwa mantiki ileile.

Wakosoaji walianza na Kiingereza, wakihoji faida ya kumkaribisha mgeni ambaye tayari kaijaza nyumba. Hoja hiyo sikuiona nzito sana. Baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, wasanii wake walikuwa wamewekewa vikwazo vipya vya kusafiri na kufanya kazi barani, kwa hiyo kuwafungulia mlango kulikuwa na maana. Suala gumu lilikuja na Kiarabu.

Kukichagua Kiarabu katika Ufaransa ya leo, ambako siasa kali za mrengo wa kulia zinazidi kupata kura, kulihitaji ujasiri, na Rodrigues anastahili sifa kwa hilo. Kazi moja ilionyesha jinsi mpango wake unavyoweza kufika mbali. Ali Chahrour, mtunzi wa dansi kutoka Beirut, aliwaweka jukwaani wanawake waliohamia Lebanon kufanya kazi za ndani chini ya kafala, mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake. Wanasimulia na kuimba maisha yao wenyewe. Kama angealikwa kama mjumbe wa Lebanon, sidhani kama ubalozi wowote ungechagua kujitangaza kwa hadithi hiyo. Hapo Kiarabu kilionekana kilivyo: lugha ya mashairi, na pia lugha ambayo mhamiaji anaamrishwa kwayo jikoni.

Lakini ukiipitia ratiba ya mwaka ule, ilikuwa na dansi na muziki kwa wingi, ilhali michezo ya kuigiza inayobebwa na maneno ilikuwa michache. Kihispania, mwaka 2024, kilifungua tamasha kwa sauti ya juu: Angélica Liddell, msanii wa tamthilia wa Hispania, alisimama katika ua wa Kasri akamwaga maneno kwa hasira, hata wahakiki hawakusalimika. Mwaka 2025 ua huohuo ulifunguliwa na Marlene Monteiro Freitas wa Cape Verde kwa dansi iliyochota kutoka Alfu Lela Ulela, na baadaye ukawa na onyesho la kumuenzi Umm Kulthum, mwimbaji mashuhuri wa Misri, miaka 50 baada ya kifo chake. Yote mazuri. Ila dansi haihitaji mtu asikilize Kiarabu, na nyimbo za Umm Kulthum zilikwisha kuvuka mipaka kabla Avignon haijamkumbuka.

Upande wa mkurugenzi una majibu. Dansi husafiri kirahisi, haingoji mfasiri wala maandishi ya tafsiri juu ya jukwaa. Kikundi cha maigizo kinataka waigizaji wengi na miezi ya mazoezi, na katika nchi kadhaa za Kiarabu fedha, vita na udhibiti vimezibana kumbi. Nayakubali haya yote. Bado hayanitoshi, kwa sababu anayejua zaidi kwamba maneno yanahitaji muda ni Rodrigues mwenyewe. Mwaka 2023 alilifunga tamasha akiwa ameketi jukwaani na watazamaji kumi, mbele ya ua wenye viti karibu 2,000, akiwafundisha shairi la Shakespeare mstari kwa mstari mpaka wakalihifadhi kichwani. Subira ya namna ile ndiyo Kiarabu kiliikosa. Tamthilia hutafsiriwa na kuagizwa mapema, wakati hapa lugha inatangazwa leo na mwakani inampisha nyingine.

Ndiyo maana ningependa kila lugha ikae miaka miwili, hata kama mabango yatapungua mvuto. Rodrigues ameendelea na mwendo wake: kwa 2026 ametangaza Kikorea. Lugha tatu za kwanza zina nchi nyingi. Hii ina mbili tu, moja imejifungia, na nyingine ina serikali iliyozoea kuugharimia utamaduni wake ili uuzike nje. Kualika lugha bila kualika taifa, safari hii, kutategemea nani analipia nauli.