Diski ya Blu-ray na vitufe vyake: Lubumbashi ijisumbue?

Vijana wawili wanaopiga video za ndoa pale Kamalondo walibishana mbele yangu. Mmoja anataka filamu yao kuhusu wayeyushaji shaba wa zamani wa Katanga itoke kwenye Blu-ray, diski iliyoifuata DVD: mtazamaji achague kwa rimoti msalaba wa shaba kwenye ekrani, apate maelezo yake. Mwenziwe, anayetaka flashi na simu, akacheka. Nani bado ana mashine ya kuisoma?

Wa kwanza ana hoja nzito kuliko alivyojua kuitetea. Diski ya tabaka moja hubeba gigabaiti 25, ya mawili 50; DVD ya tabaka moja ilikuwa na 4.7. Siri ni leza ya nanomita 405 badala ya 650, alama zikabanana zaidi. Mji huu tunanunua mega kwa kuhesabu na umeme hukatika faili likiwa nusu, basi gigabaiti 25 mkononi si jambo la kudharau. Na lugha! DVD iliishia sauti 8 sambamba, Blu-ray hufika 32. Kiswahili, Kibemba, Kiluba, Kisanga na Kifaransa vyote vinaingia.

Kasheshe iko kwenye programu ya vitufe, nayo ina njia mbili. HDMV ni njia ya menyu na amri fupi za rimoti (sisi tunasema telekomandi). BD-J ni Java hasa, lugha kamili ya kuandikia programu: michezo, maswali, hata kuita intaneti kwa mashine za BD-Live. Hapo wengi huzama. Kinachokimbia kwenye mashine moja husuasua kwenye nyingine, kwa hiyo lazima ujaribu kwenye mashine nyingi ambazo huna. Ukichapisha kiwandani, kufuli la AACS, la kuzuia kunakili, ni la lazima, nalo lina ada. Anayechoma nakala 40 nyumbani halimhusu. Na kitufe kinachotegemea seva hufa siku seva inapozimwa. Kinabaki kama mlango uliochorwa ukutani.

Cha kuchekesha, diski ya HD DVD, mpinzani wa Blu-ray, ndiyo iliyokuwa nyepesi. HDi, mfumo wake wa vitufe, iliandikwa kwa XML na ECMAScript, mambo ambayo mtengeneza kurasa za wavuti anayazoea upesi, na kila mashine yake ilitakiwa kuwa na tundu la mtandao. Lakini Januari 2008 kampuni ya filamu ya Warner Bros. ikachagua Blu-ray, na mwezi uliofuata Toshiba, mtetezi wa HD DVD, ikasalimu amri. Wepesi wa kuandika vitufe haukuiokoa.

Kwa hiyo yule wa pili, mtetezi wa flashi na simu, ameshinda? Karibu. Ukurasa wa HTML na video yake unafunguka kwenye kompyuta yoyote sokoni Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), bila leseni ya mtu. Ila flashi haina adabu: leo ina filamu yako, kesho imefutwa, imejaa ndombolo. Diski iliyochomwa mara moja haifutwi hivyo, na jumba la makumbusho linahitaji kitu cha namna hiyo.

Ningekuwa wao, ningetengeneza menyu ya HDMV ya kuchagua lugha tu, nichome diski chache za makumbusho na shule zenye mashine, mengine yote yaende kwenye flashi. Fedha ya fundi wa Java ningempa mama mmoja wa Katuba mwenye Kibemba kitamu, akae na maikrofoni, asimulie filamu nzima upya.