Ajira za miji midogo: tunachoweza kujifunza Webuye

Saa kumi na mbili asubuhi hapa Nairobi, malango ya viwanda kando ya barabara ya Enterprise huwa yamezungukwa na vijana. Wengi wametoka Mukuru kwa miguu, kitambulisho mfukoni. Msimamizi hutoka, huchagua kumi au kumi na watano, kisha lango hufungwa. Waliobaki husubiri kidogo, halafu hutawanyika kutafuta mjengo. Ukiwauliza kwao ni wapi, watakutajia Kitui, Siaya, Makueni, Bungoma. Mimi ni mtu wa Webuye, mji mdogo huko Bungoma, na ni nadra nipite hapo nisisikie Kibukusu.

Je, serikali itumie kodi kupeleka kazi kwenye miji waliyotoka vijana hawa, au iwaache watu wazifuate kazi ziliko?

Wanaopinga msaada huo wa serikali kwa miji midogo wana hoja nzito, na si haki kuwaita maadui wa mashinani. Kiwanda hutaka stima isiyopotea, fundi wa karibu, barabara ya kufika bandarini na wanunuzi. Mwaka 2009 Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo, ilisema kuwa uchumi hukua pale watu na biashara wanaposongamana, na kwamba ni afadhali kumrahisishia mtu kuhama kuliko kulazimisha viwanda vitawanyike. Mwekezaji aliyevutwa na msaada peke yake huondoka msaada ukikauka. Na ushahidi tunao hapa kwetu. Mpango wa kuchochea uchumi wa 2009 ulianzisha masoko mapya katika maeneobunge. Mengine yalikaa miaka mingi bila kukamilika, mengine yakakamilika na mama mboga wakabaki walipokuwa, kwenye stendi ya matatu, kwa sababu ndiko wateja hupita.

Hata hivyo, hoja hiyo inasahau Nairobi ilivyoanza. Reli ilipofika 1899 hapa palikuwa na kinamasi na kambi. Serikali ndiyo iliyoamua karakana na ofisi ziwe hapa, na biashara zikafuata. Baada ya Uhuru, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kule zitakakozaa haraka: kwenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Maeneo yaliyokuwa yamependelewa na mkoloni yakapendelewa tena. Barabara ya Isiolo hadi Moyale ilikamilika kuwekwa lami zaidi ya nusu karne baada ya Uhuru. Huwezi kuunyima mji barabara kwa miaka hamsini, kisha useme soko limeukataa. Ndiyo maana Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Fedha hizo zimechelewa mno kufika.

Mimi naegemea upande wa msaada, na kilichonifunza ni Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilianza kazi miaka ya 1970, serikali ikiwa na hisa. Harufu yake ilikupokea kabla hujaona nyumba ya kwanza, na moshi ulikula mabati ya wakazi mpaka yakawa kama chujio. Tulivumilia. Zamu ilipobadilishwa, kina mama wa chapati walikuwa tayari wamejipanga. Malori ya magogo yaliwapa kazi wapakiaji na mafundi wa pancha. Mishahara ndiyo iliyolipa kodi za nyumba na karo. Mwanzoni mwa 2009 kiwanda kikafungwa, kikiwa na madeni yakiwemo ya stima. Jaribio la serikali la kukifufua halikudumu, na 2016 kikauzwa kwa kundi la Rai. Kwa miaka hiyo yote ya katikati vyumba vya kupangisha vilibaki vitupu, na vijana wakapanda basi la Nairobi.

Wapinzani husema hiyo ndiyo hatima ya kiwanda kinachobebwa na serikali. Mimi naona kosa jingine: mji mzima ulitundikwa kwenye msumari mmoja. Laiti sehemu ya fedha ambazo serikali iliweka kiwandani ingewafikia maseremala, wasagaji mahindi, wauza maziwa na karakana za jua kali, mji ungeumia lakini usingezimia.

Kule Kalamba, Makueni, kaunti ilijenga kiwanda cha kusindika maembe. Wazo lilitoka kwenye zao ambalo watu tayari wanalo, na mkulima aliyekuwa akipangiwa bei na dalali akapata mnunuzi mwingine. Ugumu ni kwamba msimu wa maembe ni wa miezi michache tu, na mfanyakazi anakula miezi yote kumi na miwili.

Sasa serikali kuu na kaunti zinajenga vituo vya kukusanya mazao na kuyasindika, maarufu kama CAIP, kwa makadirio ya shilingi milioni 500 kila kimoja, kila upande ukitoa nusu. Nataka vifaulu, na ndiyo sababu kuta zinanitia wasiwasi kuliko chochote. Ghala refu linapendeza kwenye picha ya uzinduzi, lakini kwa mwenye mashine ya kukamua alizeti bili ya stima ni jambo zito zaidi. Kabla ya paa kuezekwa, wakazi waonyeshwe maji yatatoka wapi, nani ameahidi kununua na kwa bei gani, mashine zitafanya nini msimu ukiisha, na vyumba vingapi vimetengewa wafanyabiashara wadogo wa mji huohuo. Madiwani wanaopitisha bajeti ya kaunti wana uwezo wa kuzuia nusu ya fedha hizo hadi majibu yapatikane, na wautumie sasa, kabla kandarasi ya mwisho haijatiwa sahihi.