Jamani, Mgongo Huo Si Uzee

Juzi pale mwaloni Kirumba, mama mmoja ninayenunua kwake dagaa kaniambia baba yake mgongo umemshika, miezi minne sasa. Kijana mwenye begi keshamuuzia chupa ya "kusafisha mifupa", elfu thelathini na tano. Damu ilinichemka, maana sinema hii nimeshaiona.

Bamkubwa wangu alivua sangara Igombe tangu ujana. Mgongo ulipoanza, kila mtu alikuwa daktari: ni nyavu hizo, mzee, pumzika. Zahanati moja, siitaji, ikampa diklofenaki, dawa ya maumivu. Akirudi, diklofenaki. Viganja vikawa vyeupe, wakasema hali mchicha. Kisha asubuhi moja akainama kuokota ndala, pingili ikavunjika. Ndala! Mtu aliyekuwa akibeba injini ya mtumbwi begani.

Ilikuwa mayeloma, saratani ya seli za plazma, zile zinazotutengenezea kingamwili. Zikiharibika zinajazana kwenye uboho, damu inapungua, mifupa inaliwa, na protini zinazomwaga zinaziba figo. Na figo hizo ndizo tulizokuwa tunazimiminia diklofenaki, nayo huziumiza zaidi. Hongera zetu.

Nyavu hazihusiki. Kinachohusika ni umri, wengi wameshapita 60, kuwa mwanamume, kuwa na ndugu aliyeugua, na asili yetu, kwani huko Marekani Waafrika wanaupata karibu mara mbili ya wazungu. Protini yenyewe inaweza kukaa kwenye damu miaka bila dalili yoyote, na kati ya watu mia wa hivyo, kama mmoja kila mwaka ndiye anayeangukia kwenye saratani. Basi tumwache jirani na tunguli zake.

Sawa, migongo mingi ni migongo tu, na kipimo cha hizo protini hukikuti kila kichochoro. Lakini picha kamili ya damu, kreatinini ya kupima figo na eksirei ya mgongo? Mzee wa miaka 60, mgongo miezi minne, damu pungufu, bado unamwandikia dawa ya maumivu? Uvimbe wa taya kwa watoto wetu, nao saratani, daktari Denis Burkitt aliuandika tangu 1958 akiwa Kampala, na hata huo bado wapo wanaouita jino.

Nilimwandikia yule mama vipimo vitatu nyuma ya risiti. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Sasa mwanangu, ile chupa hajaimaliza. Yule kijana atanirudishia hata nusu?"