Mpeleka barua wa Sainte-Sévère, na barua za kwetu Lushoto

Ndugu zangu mnaoniuliza maisha ya vijijini Ufaransa yakoje, tafuteni Jour de fête, sinema ya kuchekesha ya Jacques Tati iliyotoka mwaka 1949. Ilipigwa mwaka 1947 Sainte-Sévère-sur-Indre, kusini mwa Châteauroux ninakoishi, na wanakijiji wenyewe wamo. Hata asiyejua Kifaransa ataielewa, maana kichekesho kiko kwenye miguu mirefu ya François, mpeleka barua, na baiskeli yake.

Ni siku ya sherehe ya kijiji. François kila anapopita anaitwa: asaidie kusimamisha mlingoti uwanjani, anywe kidogo, apige soga. Wenye bembea ya farasi wa mbao wanamlewesha. Hemani anachungulia filamu ya posta ya Marekani, na kesho yake anaamua kugawa barua kwa kasi ya Kimarekani. Anajishikiza nyuma ya lori linalokwenda, anagonga mihuri humo humo. Kwa muuza nyama anatupa kifurushi juu ya gogo, panga linashuka, viatu vilivyomo vinakatika ncha. Mwisho anatumbukia mtoni na baiskeli yake. Bibi mwenye mbuzi anamtuliza kwamba habari zenyewe si nzuri kiasi hicho hata zikimbiziwe. François anabaki na watu wanaovuna majani makavu, na mtoto anauchukua mfuko wa barua.

Nilicheka sana, kisha nikasononeka, kwa sababu kasi iliyomtupa François mtoni ndiyo iliyoshinda. Mwaka 1951 Wamarekani wenyewe walifungua kambi ya ndege hapa Châteauroux, wakakaa mpaka 1967. Leo mpeleka barua anakuja na kigari cha manjano, anatia barua kwenye kisanduku cha nje, na kabla hujafungua mlango ameshakata kona. Simlaumu, ratiba haipangi yeye.

Tangu mwaka 2017 posta ya Ufaransa inauza huduma ya kutembelea wazee: familia inalipa kila mwezi, mpeleka barua anapita kumjulia hali mzazi, kisha watoto wanapewa taarifa. Jirani yangu, bibi wa miaka themanini na kitu, analipiwa na mwanawe. Siku ya zamu huandaa vikombe viwili mapema. Mara nyingi kimoja hakiguswi. Kwetu mtu akisema analipwa kumwamkia bibi yake jirani, tungeona ametutukana.

Lushoto hatukuwa na François. Barua ilifikia S.L.P. ya misheni, jina likatangazwa baada ya ibada, na yeyote anayeelekea upande wenu akaibeba. Ilichelewa, ndiyo. Lakini aliyeileta alipiga hodi, akaambiwa karibu, akapewa kiti. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo mletaji aliisoma, mara ya pili polepole, na ua mzima ukajua nani anaumwa Dar na nani kapata kazi. Hilo lina ubaya wake pia. Najua watu walioaibishwa na barua zilizosomwa hadharani. Tena namkumbuka baba akishuka mlima kwa miguu kufuata barua ya pensheni, sanduku tupu, akapanda tena. Hayo siyatamani hata kidogo. Jirani yangu wa hapa Châteauroux, nyumba yake ya mwisho kabisa barabarani, barua zake zinamfuata mlangoni, na heshima hiyo nawatakia wazee wetu wote.

Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2022 serikali yetu ilipoendesha operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapata namba na njia zikapata majina. Kinachonitia hofu ni mazungumzo yanayofuata: yote ni kasi. Kifurushi kifike leo leo, bodaboda apige honi, aseme niko nje, aondoke. Tunakimbilia pale pale ambapo Wafaransa sasa wanatoa hela ili warudi nyuma.

Basi ninyi mnaopanga huduma hizo, wa posta na wa kampuni za vifurushi, mhesabieni mletaji dakika za kutoa shikamoo, kukaribishwa na kumsomea mzee barua kama hajui kusoma. Na mkifika kwenye mshahara wake, dakika hizo zilipwe kama kazi, msimkate kwa kuchelewa.