Mgawo wa klabu na jina la bosi: nani anamlea mwanamuziki kijana wa Lubumbashi?

Lawama dhidi ya klabu za muziki za mitaani hapa Lubumbashi ni ileile kila unapoisikia: zinanyonya vijana. Kijana anapiga gitaa harusini mpaka usiku wa manane, malipo yanapokelewa na mzee wa klabu, kijana anarudi kwao mtaa wa Katuba na noti chache mfukoni. Wanaosema hivyo hawazui. Ila wanaitazama hesabu kuanzia mwisho wake, na hukumu wanayoitoa itawaumiza vijana walewale wanaowatetea.

Tuifanye hiyo hesabu kwa mfano. Tuseme vijana saba wamelipwa dola 200 kwa harusi ya mtaa wa Kampemba. Kuna gari la kubeba vyombo kwenda na kurudi. Kuna mafuta ya jenereta, kwa kuwa hakuna mzazi anayemwoza binti yake akitegemea umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, peke yake. Kuna spika za kukodi pale za klabu zinapokuwa ndogo kwa ukumbi. Weka dola 80. Zinabaki 120. Klabu ikikata theluthi, yaani 40, kila kijana anapata kama dola 11. Bila klabu, wanasema, angepata 17. Basi unyonyaji wote unaozungumzwa ni dola 6 kwa kichwa.

Lakini hiyo 17 ipo kwenye karatasi tu. Bila klabu, vijana hao saba hawana gitaa la besi, hawana kinanda, hawana seti ya ngoma. Itabidi wavikodi pia, na mwenye vyombo hakodishi kwa huruma. Gharama ikipanda kutoka 80 hadi 150, mgawo wa kila mmoja unashuka kuwa dola 7. Yule aliyeambiwa ananyonywa akipata 11 sasa amekuwa huru na ana 7. Na hapo bado hatujagusa miaka miwili ya mwanzo, kijana alipokuwa hajui hata kufunga uzi wa gitaa, hakuna harusi iliyomwita, na klabu ilimwachia chombo chake kila jioni bila kumdai kitu. Mtoto wa muuza makaa angeipata wapi nafasi hiyo? Theluthi ya harusi ya leo inalipa jioni zile, na inalipa nyuzi atakazokata mdogo wake anayeanza mwezi ujao.

Mzigo huu haukuwa wa mtaa siku zote. Kampuni ya madini ya Union Minière, na baada yake Gécamines ya serikali, zililipia shule, hospitali, michezo na sehemu za burudani za wafanyakazi wake. Kampuni ilipodhoofika, na hasa baada ya wafanyakazi zaidi ya 10,000 kuondoka katika ule mpango wa 2003 wa kuacha kazi kwa hiari, hakuna aliyekuja kusema sasa nani atawanunulia watoto vyombo. Rumba iliandikwa na UNESCO katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021, na tulifurahi sote. Nyuzi za gitaa huku kwenye mitaa yetu ya Kenya na Ruashi ziliendelea kununuliwa kwa michango ya wazazi na ya wanachama.

Wengine hutaja mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na gitaa lake likasikika mpaka Nairobi na Ulaya. Kipaji hakihitaji klabu, wanasema. Muziki wa Mwenda ulikamilika kwa gitaa moja na sauti moja. Ndivyo alivyoujenga, kwa vidole vyake. Anayetaka kupiga rumba, au seben, ile sehemu yake ya magitaa ya kuchezea, anahitaji wenzake watano, sita, wanaosikilizana, na kusikilizana huko hakujifunzwi chumbani. Hata karindula, ala kubwa ya nyuzi kama banjo, ambayo unaweza kuiunda kwa pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi bila kwenda dukani, watu huipiga wakiwa kundi.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko hiyo ya dola 6, na ni bahati mbaya kwamba hausemi hizo. Kijana mwenye kompyuta na programu ya kurekodi anaweza leo kutengeneza wimbo mzima bila kumwomba mtu ruhusa, akauweka YouTube kabla ya jua kuzama. Klabu inamwambia asubiri, apige kwanza nyimbo za wakubwa, aitikie kabla ya kuongoza. Kwa wengine kusubiri huko kunachukua miaka, na mzee anayechagua nyimbo anachagua za ujana wake. Wasichana ndio wanaoumia zaidi. Mazoezi yanafanyika usiku, wazazi wanakataa, na hata anayeruhusiwa anawekwa kwenye sauti za nyuma. Gitaa la solo hapewi. Klabu inayosema inalea vijana wa mtaa huku nusu ya vijana hao hawagusi vyombo, inajidai kitu isichokifanya. Kuyahamishia mazoezi Jumamosi saa nane mchana hakugharimu hata franka moja.

Ila tufuate njia ya huyo kijana wa kompyuta mpaka mbele kidogo. Wimbo umetoka. Anataka video, mavazi, redio zimpige. Pesa hizo hana, na wimbo wenyewe haujamletea. Anakwenda kwa bosi: mfanyabiashara wa madini, mtu anayetaka ubunge, mwenye hoteli. Bosi anatoa, na jina lake linaingia kwenye wimbo. Ndiyo mabanga tunayoyajua wote, na waimbaji wakubwa wa Kinshasa wameishi nayo miaka mingi. Mwimbaji mkubwa ana majina ishirini ya kutaja, na bosi mmoja akinuna wapo wengine. Kijana wa Katuba ana bosi mmoja. Huyo akishindwa uchaguzi, au akigombana na mtu aliye juu yake, wimbo unakuwa tatizo na kijana pia. Hakuna daftari analoweza kuomba kulisoma, hakuna mkutano wa kumuuliza bosi kwa nini. Kwenye klabu, hata ile yenye mzee mgumu, kuna wenzake sita waliokuwepo siku pesa ilipopokelewa. Sijaona anayepinga klabu akiuweka mgawo wa theluthi kando ya gharama ya kubeba jina la mtu shingoni, na kwangu hapo ndipo hoja yake inapoanguka.

Jambo moja siwezi kulitetea. Zipo klabu ambamo kijana anatunga wimbo, halafu jina la mtunzi linaandikwa la mkubwa wa klabu, ati kwa kuwa wimbo ulizaliwa kwenye mazoezi yake. SOCODA, chama cha kukusanya haki za watunzi, ipo tangu 2011, ilipochukua nafasi ya SONECA ya 1969, na malipo huko humfuata aliyetangaza kazi kuwa yake. Kijana asiyejua hilo anapoteza wimbo wake moja kwa moja, na akiondoka klabuni anauacha nyuma kama gitaa la watu. Gitaa ni la klabu kweli. Wimbo si wake mzee. Klabu inayotaka kuendelea kukata theluthi iandike katika daftari lake nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, na tarehe, wote saba waweke sahihi kabla wimbo haujapigwa kwenye harusi ya kwanza, na nakala ikae kwa mtunzi.