Hawakuwa Wakitangatanga

Wiki iliyopita nilikuwa ndani ya basi la mkoani, redio ya dereva imefunguliwa kwa sauti kubwa, na mgeni mmoja studioni alikuwa akieleza historia ya dunia. Alipofika kwa wahamaji wa kale wa nyika za Asia, alisema kwamba watu wale walikuwa wakitangatanga tu na mifugo yao, hawakujenga kitu na hawakuacha kitu, kisha akahamia kwa Warumi. Mzee aliyekaa kando yangu, fimbo yake ya kuchungia imelala juu ya magoti, aliniinamia akauliza, "Mwanangu, hiyo mifugo yao ilikuwa inakunywa wapi?"

Swali la mzee lilinikaa rohoni hadi nilipofika nyumbani, kwa sababu ndani yake mna kila kitu ambacho mgeni yule hakutaka kukifikiri. Kutangatanga ni kwenda bila kujua uendako. Mtu mwenye kondoo mia tatu na farasi arobaini, katika nchi ambayo majira ya baridi hugandisha mito, hawezi kwenda bila kujua aendako, maana akikosea kwa wiki mbili tu hana mifugo tena. Ni lazima ajue bonde lipi hukingwa na upepo wakati wa theluji, malisho yapi ya mlimani huota mapema, kisima kipi ni chake na kipi ni cha jirani, na mwaka jana alikubaliana nini na jirani huyo.

Jambo hili halikufichika hata kwa adui zao. Sima Qian, mwandishi wa historia wa China aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliandika juu ya Waxiongnu, wahamaji waliotawala nyika ya Mongolia, kwamba walifuata maji na majani na hawakuwa na miji yenye kuta, lakini hapo hapo akaongeza kwamba kila kundi lilikuwa na eneo lake la ardhi. Watu husoma nusu ya kwanza ya maneno hayo na kuiacha ya pili, nami sielewi kwa nini, kwa kuwa yote mawili yako mahali pamoja.

Ni Sima Qian huyo huyo anayesimulia kisa cha Modu, aliyetwaa ukuu wa Waxiongnu mwaka 209 KK. Jirani zake wa mashariki, Wadonghu, walimwona bado mchanga wakataka kumjaribu. Walituma wajumbe kudai farasi wa sifa aliyekuwa wa baba yake. Washauri wakasema asitolewe, Modu akamtoa, akisema jirani hanyimwi farasi. Wakarudi kudai mmoja wa wake zake. Washauri walikasirika, Modu akamtoa vilevile. Mara ya tatu walidai kipande cha nyika kilichokuwa katikati ya nchi hizo mbili, mahali patupu pasipokaa mtu. Safari hii baadhi ya washauri walisema ni pori tu, apewe au asipewe ni mamoja. Hapo Modu aliwaka kwa hasira. Ardhi ni msingi wa dola, alisema, tutawapaje? Waliomshauri aitoe aliwakata vichwa, akapanda farasi na kuwavunja Wadonghu wasiinuke tena. Miaka michache baadaye, mwaka 200 KK, alimzingira Mfalme wa Han, ukoo uliotawala China, yeye mwenyewe pale Baideng, na China ikalazimika kumpelekea hariri, pombe na nafaka kila mwaka, pamoja na binti wa kifalme wa kuoa. Huyo ndiye mtu tunayeambiwa kwamba hakuwa na kwao.

Naamini tatizo limo pia katika lugha tunayopimia. Hata neno letu "ustaarabu" lilizaliwa pwani, katika miji ya mawe, na lina Uarabu ndani yake. Nasi tumezoea kumpima binadamu kwa ukuta wa nyumba yake. Asiye na ukuta tunamhesabu kuwa hana kitu.

Basi na tutazame walichoacha. Katika bonde la Pazyryk, kwenye milima ya Altai kusini mwa Siberia, kuna makaburi makubwa yaliyofunikwa kwa malundo ya mawe. Mwanaakiolojia Mikhail Gryaznov alichimbua la kwanza mwaka 1929, na Sergei Rudenko akaendelea na mengine kati ya 1947 na 1949. Wezi walikuwa wametangulia zamani sana, wakatoboa dari ya magogo na kuchukua dhahabu, lakini kwa tundu hilo hilo maji yaliingia yakaganda, na mawe ya juu yakazuia jua lisiyayeyushe. Vitu ambavyo kwingine huoza ndani ya miaka michache vilikaa ndani ya barafu kwa zaidi ya miaka 2,200. Rudenko alikuta zulia la mafundo la karibu mita mbili kwa mita mbili, la kale kuliko yote ya aina yake yaliyobaki mazima, lenye mafundo yapatayo 36 katika kila sentimita moja ya mraba na safu ya wapanda farasi pembeni. Wataalamu bado wanabishana lilifumwa wapi, na ninakubali kwamba huenda lilinunuliwa mbali. Ila hakuna ubishi juu ya batamaji walioshonwa kwa sufu iliyoshindiliwa na kujazwa ndani, wadogo, shingo zimepinda kama walio hai. Farasi waliozikwa na bwana wao, wengine wakiwa wamevishwa vinyago vya pembe za kulungu, walikuwa na masikio yaliyokatwa alama, na alama hizo zilitofautiana. Mzee wa kwenye basi angezisoma alama hizo bila kufundishwa na mtu.

Sitaki kuwafanya malaika. Herodoto, mwandishi wa historia wa Ugiriki ya kale, anasema Waskithi, wahamaji wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, walichuna ngozi za vichwa vya adui zao na kuzitundika kwenye hatamu, na maiti ya bwana wa kaburi la pili la Pazyryk ilikutwa imechunwa kichwa vivyo hivyo. Mfalme alipokufa, anasema, walinyonga watumishi wakazikwa naye. Ni ukatili, nao haufutiki kwa uzuri wa sanaa.

Lakini Herodoto huyo ametuachia pia jibu la Idanthyrsus, mfalme wa Waskithi, wakati Dario wa Uajemi alipowavamia mnamo mwaka 513 KK, akawafukuza huku na huko bila kuwapata, kisha akawauliza mbona wanakimbia. Idanthyrsus alimjibu kwamba hakimbii, bali anaishi kama anavyoishi siku zote. Hawana miji wala mashamba ya kuwafanya waharakishe vita, lakini wana makaburi ya baba zao. Yatafuteni, alisema, mjaribu kuyaharibu, ndipo mtajua kama tutapigana.

Mwaka 1993, katika uwanda wa juu wa Ukok huko huko Altai, mwanaakiolojia Natalia Polosmak alichimbua kaburi la mwanamke aliyezikwa pamoja na farasi sita, mkononi ana tatuu ya kulungu mwenye mdomo wa ndege. Alipelekwa mji wa Novosibirsk, nje ya Altai, na wenyeji wa Altai hawakunyamaza mpaka aliporudishwa Gorno-Altaysk, mji mkuu wao, mwaka 2012. Sasa yumo katika jumba la makumbusho, na wazee wao bado wanadai arudishwe Ukok, azikwe pale alipotolewa.